TANGI HUPIMWA KWA KIANGAZI

Songea si mahali pa mvua haba. Kwa wastani, mvua ya mwaka huzidi milimita 1,000. Hata hivyo, karibu yote hunyesha baina ya Novemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni kiangazi. Visima vifupi hupungua maji, nao kina mama na watoto hulazimika kwenda mbali zaidi kuyateka. Kwa hiyo tatizo si uchache wa mvua, bali ni kukosa mahali pa kuiweka akiba.

Hesabu yake ni nyepesi. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa la mabati lenye mita 50 za mraba, basi, hupokea lita 50,000 kwa mvua ya milimita 1,000. Hata sehemu moja ya tano ikipotea, lita 40,000 hubaki.

Jamaa ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, huhitaji lita 120. Pipa la lita 200 haliwafikishi siku ya pili jioni. Kiangazi cha siku 180 chahitaji lita 21,600. Tangi la mviringo lenye kimo cha mita 2 na kipenyo cha mita 3.8 huchukua lita 22,680 hivi.

Umbo la mviringo lina faida: halina pembe, ambazo aghalabu ndizo hupasuka kwanza. Msukumo wa maji nao huongezeka kadiri kina kinavyozidi; ndiyo sababu sehemu ya chini ya ukuta wa saruji huhitaji nyaya nyingi zaidi.

Mvua za kwanza huosha vumbi na mavi ya ndege, hivyo maji yake yasiingizwe tangini. Mfuniko huzuia mwanga, na pasipo mwanga mwani haumei. Wavu huzuia mbu wasitage. Maji ya kunywa yachemshwe.

Wanafunzi waweza kupima paa la shule yao na kufanya hesabu hiyo hiyo. Wakumbuke jambo moja: tangi lililotajwa hapo juu, likiwa limejaa mwanzoni mwa Mei, lina akiba ya siku 9 tu zaidi ya kiangazi. Mvua ikichelewa wiki mbili, ndoo zitarudi kisimani.