Kufunga nzi wa kuvulia: soko kwanza, ndoano baadaye

Manyoya ya jogoo yanayotupwa jikoni Litembo, wilayani Mbinga, kwingine ni mali. Hufungwa kwa uzi kwenye ndoano yakawa chambo bandia, mfano wa nzi, cha kuvulia trauti. Uingereza, wanaovua kwa starehe hukifunga wenyewe hasa majira ya baridi, msimu wa uvuvi ukiwa umefungwa. Wasiopata nafasi hununua, na Kenya imewauzia kwa miaka mingi.

Mkulima wa kahawa anaweza kuifanya kazi hii baada ya mavuno. Lakini wanunuzi huchagua manyoya, na hutaka vyambo vinavyolingana. Ni busara kupata mnunuzi na sampuli yake kwanza, ndipo ununue ndoano.