Nani alisema okapi ni bubu?

Tangu Februari 2002 tunasikiliza Radio Okapi asubuhi na mangaribi. Hapa Shari, hata mtu mwenye deni la unga dukani atatafuta mabuku ya redio yake ili apate habari za Bunia na za Kinshasa. Lakini uliza wachimbaji kumi: nani kati yenu amesikia okapi yenyewe ikilia? Watacheka. Wengi tunaijua kwa picha tu, na ndugu waliofanya kazi upande wa Mambasa watakuambia ile nyama haina sauti. Redio inayosema kuliko zote nchini ilipewa jina la nyama ambayo hakuna mtu anaisikia. Hata mimi nilicheka siku nilipowaza hivyo.

Lakini okapi si bubu. Inasema, ila inasema chini sana, chini kuliko sikio la mtu.

Sauti ni mtikisiko. Ukipiga ngoma kubwa, ngozi inatikisika polepole na sauti inakuwa nzito. Ukipuliza filimbi, inatikisika mbio na sauti inakuwa nyembamba. Sikio la mtu linaanza kupata sauti kwenye mitikisiko kama 20 hivi kwa segonde moja. Chini ya hapo hewa inatikisika lakini sisi hatusikii kitu. Wakati mwingine tunaisikia katika kifua, sawa vile kamyo nzito ikiwa mbali na benchi inaanza kutetemeka mbele ya kusikia motere. Waliopima sauti za okapi zinazofugwa katika bustani za wanyama walikuta kwamba mama na mtoto wanaitana kwenye mitikisiko 14 kwa segonde. Ukisimama pembeni yao, utasema wamenyamaza.

Sasa kwa nini nyama ifiche sauti yake namna hiyo? Wamama wanaosoma hapa wataelewa mbio. Okapi inabeba mimba miezi 14 au zaidi, inazaa mtoto mmoja. Baada ya siku chache mtoto anapata maficho katika majani na anabaki pale karibu miezi miwili. Mama anaenda kula, anarudi kumnyonyesha, anaenda tena. Okapi haitembei kwa kundi kama mbuzi, kila moja iko na njia yake, na katika pori la Ituri jicho halifiki mbali. Hata choo kikubwa mtoto haendi kwa wiki nyingi za kwanza, ili harufu isimwite chui. Basi mama akiita kwa nguvu, anaita mtoto na anaita chui pia. Sauti ya chini inapita kati ya miti bila kuvunjika sana, na wataalamu wanafikiri chui haiipati. Na masikio ya okapi ni makubwa.

Iko na sauti zingine ambazo hata sisi tunaweza kusikia. Zikikutana zinatoa pumzi fupi kama mtu anayekohoa kidogo. Dume na jike zikitafutana, inasikika miguno. Mtoto akishikwa na woga analia karibu kama mwana-mbuzi. Wambuti walijua hii nyama tangu wazee wa wazee wao. Wazungu walichelewa: ni 1900 tu Harry Johnston alituma vipande vya ngozi London, na wakubwa wa kule wakaandika kwamba ni namna ya punda milia. Kichwa kilipofika wakaona ni ndugu wa twiga. Kama wangeuliza watu wa pori mbele, wangeokoa karatasi.

Tembo nayo inasema chini. Mwaka 1984, mwanamke mmoja wa Marekani, Katy Payne, alikuwa amekaa karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya Portland. Akasikia hewa inatikisika bila sauti, sawa alivyosikia zamani pembeni ya kinanda kikubwa cha kanisa. Walipopima, wakakuta tembo zilikuwa zinaongea. Ile sauti inaweza kwenda kilomita nyingi. Na mwaka 2024 watafiti waliosoma sauti 469 za tembo za Amboseli na Samburu, kule Kenya, wakasema kila tembo iko na kitu kama jina, na wenzake wanaiita kwa jina hilo. Mimi nilisoma habari ile mara mbili. Kuna mashimo ambako mchimbaji anaitwa kwa namba tu.

Kwa kiboko, watu wa Kasenyi na Tchomia kando ya ziwa Albert hawana lazima ya kufundishwa. Ule mlio kama kicheko kikubwa cha mzee unasikika zaidi ya kilomita moja. Watafiti, pamoja na Wafaransa wa chuo kikuu cha Saint-Étienne, walicheza milio ya viboko kwa haut-parleur huko Msumbiji, wakatoa matokeo mwaka 2022. Kiboko ikisikia sauti ya jirani haihangaiki sana. Ikisikia sauti ya mgeni inarusha mavi zaidi, sawa inasema: hapa kuna mwenyewe. Na kule Kanada na Ulaya kuna castor, panya mkubwa wa majini anayechimba na kujenga ukuta wa mto kwa miti na udongo. Huyo ni wa kazi yetu kabisa. Akiona hatari anapiga maji kwa mkia, paa! Jamaa yote inazama mara moja. Hakuna anayebaki kuuliza ni nani amepiga.

Sasa tuongee ya kwetu. Hifadhi ya okapi iliwekwa 1992, kama kilomita mraba 13.700, sehemu kubwa katika territoire ya Mambasa. UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia 1996, na mwaka uliofuata ikaiweka katika orodha ya zile zilizo katika hatari. Juni 2012 watu wenye silaha walivamia kituo cha Epulu. Waliua watu, waliua na okapi 14 zilizokuwa zinafugwa pale, nyama ambazo hazina bunduki wala shimo la dhahabu. Okapi haipatikani porini katika inchi ingine yoyote ya dunia, ni kwetu tu.

Mimi ni mtu wa sendika. Sitaandika hapa kwamba mchimbaji mwenye beleshi na karai njo adui wa okapi, wakati watoto wake wanangojea karo ya shule. Lakini kuchimba ndani ya hifadhi kumekatazwa na sheria, kila mtu anajua, na bado mashine kubwa zimeingia mule. Mashine hizo si za mwenye karai. Siku askari wa hifadhi wanakuja, anayekimbia porini bila viatu ni mchimbaji. Mwenye mashine yuko mjini.

Na motere ya mashine nayo inalia wapi? Chini, palepale ambapo okapi na tembo zinaongea. Jaribu kumwita mtoto wako ukiwa pembeni ya konkaseri. Mama okapi anaweza kuita na mtoto akakosa kusikia, na sisi hatutajua kwamba kitu kimeharibika, kwa sababu hata mbele hatukuwa tunasikia.

Katika mashimo yetu pia watu wanakufa kwa kukosa kusikia. Mzee mmoja aliyechimba upande wa Mongbwalu miaka mingi alituambia: «Udongo haiue mutu bila kumuambia mbele.» Mbao inalia. Kokoto ndogo zinaanguka moja moja. Ukuta unatoa mlio kama nguo inayopasuka. Anayejua anatupa beleshi na kupanda. Lakini motopompe ikinguruma juu ya shimo toka asubuhi, nani atasikia kokoto? Aliye chini anategemea kamba tu, na aliye juu anategemea macho.

Katika shimo moja ambako niko katika kamati tuliomba motopompe izimwe dakika tano kila saa, watu wote wanyamaze, hata wauza mandazi. Wa chini wanapiga ukuta kwa nyundo, wanasikiliza, kisha wanavuta kamba mara mbili kama iko sawa. PDG alikataa kwanza. Alisema dakika tano ni mafuta ya kuwasha tena na maji yanayorudi shimoni. Tukapiga hesabu mbele yake: saa kumi za kazi ni dakika hamsini. Akasema tujaribu mwezi mmoja. Mwezi umeisha, hajatuita, na motopompe inaendelea kuzimwa.