360,360: namba moja, usomaji wa namna mbili

Ukiacha 0, namba nzima 360,360 ndiyo ndogo kuliko zote zinazogawanyika bila baki kwa kila namba kuanzia 1 hadi 15. Yaani, ni kigawe kidogo cha shirika cha namba hizo. Ni zao la 360 na 1,001, na 1,001 nayo ni zao la 7, 11 na 13. Kuzidisha kwa 1,001 ndiko kunakozirudia tarakimu: 360,000 na 360.

Usomaji wa kwanza ni *elfu mia tatu na sitini, mia tatu na sitini*. Huidhihirisha sifa hiyo, kwani sikio husikia 360 mara mbili. Kasoro yake imo katika kiunganishi *na*: *elfu mia tatu na sitini*, ikisimama peke yake, huweza kufahamika kuwa 360,000 au 300,060. Tofauti ni 59,940. Katika hati ya mauziano, hiyo ni hasara ya mtu.

Usomaji wa pili hutumia *laki*, yaani 100,000: *laki tatu, elfu sitini, mia tatu na sitini*. Mrudio hufichika, lakini utata huondoka, mradi *elfu* isidondoshwe. Katika mazungumzo ya bei, *laki tatu na sitini* kwa kawaida ni 360,000. Kwa mujibu wa maneno yenyewe, ni 300,060.

Kwa hiyo, anayefafanua hesabu huweza kuchagua usomaji wa kwanza. Anayeandika mkataba atumie wa pili, na tarakimu ziambatane na maneno.