Baiti nane za lebo

ATM ninayoizungumzia si mashine ya kutolea fedha. Ni teknolojia ya mawasiliano iliyotamba miaka ya 1990 na baadaye ikabeba intaneti ya ADSL majumbani. Kila kitu hukikatakata katika seli za baiti 53: tano za kichwa, 48 za mzigo. Hiyo 48 yenyewe ni suluhu ya mabishano. Ulaya ilitaka 32, Marekani 64, wakakutana katikati.

Seli haijui imebeba nini. Ofisi ya wakati ule ilikuwa na itifaki za IP, IPX ya Novell na AppleTalk kwa pamoja. Ruta inayopokea itazitofautishaje? Waraka wa RFC 1483 wa mwaka 1993 ulitoa njia mbili. Ama kila itifaki ipewe saketi pepe yake, namba ya saketi iwe ndiyo utambulisho; ama zote zipite saketi moja na kila pakiti ibandikwe lebo mbele. Lebo ya IP ni baiti nane, AA-AA-03-00-00-00-08-00, na mbili za mwisho ndizo zinazoitaja IP. Kwa vyovyote vile, pakiti hufungwa mkia wa AAL5, nao wa baiti nane, wenye urefu wa pakiti na hesabu ya kukagulia makosa. Nafasi inayobaki kabla ya mkia hujazwa baiti tupu.

Sasa chukua pakiti ndogo ya TCP inayothibitisha kwamba data imefika: baiti 40. Ongeza mkia, 48. Seli moja, imejaa sawasawa. Bandika lebo, zinakuwa 56, na seli ya pili inatumwa ikiwa karibu tupu. Pakiti ya baiti 1500 haijali, ni seli 32 kwa njia zote mbili. Lakini anayepakua faili hutuma vithibitisho hivyo mfululizo, tena kwa upande mwembamba wa laini ya ADSL.

Lebo ilikuwa na maana pale saketi zilipolipiwa moja moja. Kwenye laini ya nyumbani inayopitisha IP pekee, naiona ni hasara tupu.

Uamuzi huo bado umo kwenye mipangilio ya modemu za ADSL: LLC (yenye lebo) au VC-Mux (bila lebo). Uingereza, kwa mfano, mazoea yalikuwa VC-Mux, na namba za saketi VPI 0 na VCI 38. Ukichagua tofauti na upande wa pili, taa ya DSL itawaka vizuri tu, ila hakuna ukurasa utakaofunguka.