Yai la karatasi la Pasaka: salamu za mtoto kwa ndugu aliye kambini

Je, unaishi Kigali na watoto wako, lakini bibi, shangazi au binamu zao wako kambini? Pasaka hii watoto wanaweza kuwatumia yai lisilovunjika safarini: kadi ya karatasi yenye kifaranga ndani.

Kwa nini yai? Kwa nje linafanana na jiwe, lakini ndani mna uhai. Kwa hiyo Wakristo wengi huliona kuwa ishara ya kaburi la Yesu na ufufuko wake.

Vifaa

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, kwa hiyo mifuko ya kaki ya dukani haikosekani nyumbani. Chagua iliyo safi. Usitumie trei za mayai, kwani zinaweza kubeba vijidudu vya kuhara. Andaa pia mkasi, uzi, kalamu za rangi na gundi. Kama huna gundi, pika uji mzito wa unga wa ngano, uuache upoe.

Hatua

1. Kunja karatasi mara mbili. Chora nusu ya yai kwenye mkunjo, kata, kisha kunjua. Pande zote zitalingana.
2. Mtoto apambe yai atakavyo.
3. Likate katikati kwa mstari wa meno ya msumeno, kama ganda lililopasuka.
4. Kata kifaranga mdogo. Mbandike nyuma ya nusu ya chini, kichwa kikichungulia juu.
5. Toboa tundu kwenye ncha moja ya kila nusu, uziunganishe kwa uzi uliolegea. Nusu ya juu itafunguka kama mlango.
6. Andikeni salamu kifuani mwa kifaranga.

Kuituma

Kutoka stendi ya Nyabugogo kuna mabasi ya Karongi, wilaya yenye kambi ya Kiziba, na ya Kirehe, iliko Mahama. Kampuni za mabasi hupokea bahasha kwa malipo. Kwanza hakikisha ndugu yako anaweza kufika mahali pa kuipokea. Uliza bei, andika jina na simu yake, na utunze risiti. Usiweke ndani pesa wala kitambulisho cha mkimbizi. Stendi ina msongamano mkubwa, hivyo usimtume mtoto peke yake.

Kumbuka

Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Miaka mingine, kama 2023, huingia katika juma la kuwakumbuka waliouawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, linaloanza tarehe 7 Aprili. Kazi hii tulivu inafaa wakati huo, lakini muziki na shamrashamra viache.

Mwisho, mwache mtoto achague maneno yake. Akiandika "tumekukumbuka" badala ya "Pasaka njema", usimsahihishe.