Maradhi ya Moyo Yaendayo na Nasaba

Yangambi, kandokando ya Mto Kongo, mwendo wa kilomita mia hivi kuelekea chini ya Kisangani, ndipo Beirnaert na Vanderweyen, wataalamu wa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo ya Wabelgiji, walipobainisha mwaka 1941 kwamba mchikichi wa ganda jembamba ni uzao wa mzazi mwenye ganda nene na mzazi asiye na ganda. Na tangu hapo mwenye kutaka kujua siri ya nasaba ya mchikichi hakuhitaji ila kupasua tunda lake na kutazama. Laiti mbwa naye angekuwa hivyo!

Mbwa wakubwa wa ulinzi, na hasa dobermann, aliyeanzishwa na mtoza kodi wa mji wa Apolda huko Ujerumani, hurithi maradhi ya msuli wa moyo yasiyodhihirika mpaka mnyama amekwisha kukomaa, aghalabu baada ya miaka minne, yaani wakati ambapo amekwisha kuzaa na watoto wake wamekwisha kuuzwa. Msuli hudhoofu, vyumba vya moyo hupanuka, mapigo hupotoka. Walakini mbwa hula, hubweka na hucheza kama kawaida. Kipimo kivaliwacho kifuani mchana kutwa na usiku kucha, kikihesabu mapigo potofu zaidi ya 300 kwa saa 24, ni ushahidi wa kutosha kwa dobermann. Pasipo kipimo, wakati mwingine dalili ya kwanza ni kifo cha ghafula.

Hata hivyo mwenye mbwa ana macho na vidole. Kuhema mchana, katika joto la msitu wetu, si hoja. Bali mbwa alalapo fofofo alfajiri, hesabu ubavu wake unainuka mara ngapi kwa dakika, na zikizidi 30 siku baada ya siku, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kisha weka vidole viwili ndani ya paja, juu karibu na kinena. Mapigo yakienda mbio kidogo avutapo pumzi na kutulia aitoapo, hiyo ni tabia ya mbwa, usitaharuki. La kutia shaka ni pigo linaloruka ovyo bila kufuata pumzi. Kuzirai, kukonda mgongo na kuchoka upesi ni alama za baadaye. Kikohozi nacho ni alama, ila minyoo ya moyo iletwayo na mbu hukohoza pia, basi usihukumu kwa kikohozi peke yake.

Dawa iitwayo pimobendani, kwa mujibu wa uchunguzi uliochapishwa 2012, huchelewesha maradhi kwa dobermann ambaye bado hajaonyesha dalili, wala haiyaondoi.

Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha kununua mtoto wa mbwa, muulize muuzaji babu na bibi wa mtoto huyo walikufa kwa nini, na wakiwa na umri gani; akishindwa kukujibu, usinunue kwake.