Mbegu za Maboga na Tezi Dume: Nafuu ya Mkojo Haiondoi Haja ya Kipimo

Na Mwandishi Wetu, Songea

Katika Kata ya Mjimwema, Manispaa ya Songea, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Mkoa wa Ruvuma, maboga hupandwa katikati ya mahindi. Majani yake ni mboga, boga huchemshwa, na mbegu huanikwa juani kisha hukaangwa kwa chumvi kidogo. Katika tiba asili, ndani na nje ya Afrika, mbegu hizo hutumika pia kutoa minyoo na kuwapa nafuu wanaume wenye shida ya mkojo itokanayo na tezi dume.

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, nacho huzunguka mrija wa mkojo. Kadiri umri unavyosogea, hasa baada ya miaka 50, tezi hiyo hutanuka kwa wanaume wengi. Ikibana mrija, mkojo hutoka kwa shida, hukatika njiani na kumwamsha mtu mara kadhaa usiku. Kutanuka huko si saratani. Saratani ya tezi dume ni ugonjwa mwingine, ambao katika hatua za mwanzo mara nyingi hauna dalili yoyote.

Mbegu za maboga zina mafuta, madini ya zinki na viambata viitwavyo fitosteroli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia wanaume 1,431 nchini Ujerumani kwa miezi 12. Waliokula gramu 5 za mbegu mara mbili kwa siku walipata nafuu ya dalili kwa idadi kubwa kuliko waliopewa dawa bandia. Waliotumia vidonge vya dondoo la mbegu hizo hawakuonesha tofauti hiyo. Awali, mwaka 2012, Wakala wa Dawa wa Ulaya ulizitambua mbegu hizo kuwa dawa ya asili ya dalili za mkojo, kwa sharti kwamba daktari awe amejiridhisha kuwa mgonjwa hana ugonjwa mkubwa zaidi.

Sharti hilo ndilo linalosahaulika mitaani. Mbegu hupunguza usumbufu. Hazijathibitishwa kuponya wala kuzuia saratani. Mwanaume anayelala vizuri kwa sababu ya mbegu anaweza kuahirisha kipimo mwaka hadi mwaka, na ugonjwa ukasambaa hadi kwenye mifupa.

Wapo wanaokwepa hospitali kwa kuogopa kipimo cha kidole, jambo linaloeleweka, ingawa hofu hiyo ni kubwa kuliko kipimo chenyewe. Uchunguzi unaweza kuanza kwa kipimo cha damu cha PSA, na daktari ndiye huamua kama vipimo vingine vinahitajika. Mkazi wa Mjimwema anaweza kuanzia katika kituo cha afya kilicho karibu naye, na akihitaji huduma zaidi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Songea. Mkojo ukiziba kabisa au ukiwa na damu, aende siku hiyo hiyo.

Kwa upande wa tiba asili, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Mwananchi anayeuziwa unga wa mbegu kama dawa ya saratani ana haki ya kuuliza usajili huo. Anayekula mbegu za shambani kwake hahitaji kuziacha. Amweleze tu daktari kwamba anazitumia, na tangu lini.